Bamburi na mgeni wake wa akiba

Hoteli nyingi za Bamburi zimejengwa zikiitazama bahari na kuipa mgongo barabara ya Malindi. Ukipita kwa matatu kutoka Kongowea kuelekea Mtwapa, unachoona ni ukuta, lango la chuma, askari na kibao cha jina. Bahari iko nyuma ya hayo yote, mwendo wa dakika chache kwa miguu, lakini anayeshuka kwenye steji hana njia ya wazi ya kuifikia. Waliochora ramani hizo walikuwa na mgeni wao akilini. Anatua uwanja wa Moi, anachukuliwa na basi la kampuni ya utalii, anavuka lango, na hiyo barabara haioni tena hadi siku ya kurudi kwao. Kwa miongo mingi mgeni huyo amelisha nyumba nyingi za Kisauni, na sina neno baya juu yake. Neno langu leo ni juu ya mgeni mwingine, anayefika kwa tuktuk na watoto na begi la nguo, aliyelipa kwa jasho lake, na ambaye bado anapokewa kana kwamba amepotea njia.

Huyu ndiye anayekumbukwa kila mambo yanapoharibika. Agosti 1997 ghasia zilipozuka Likoni, watalii walifuta safari hata za pwani ya kaskazini, iliyo upande wa pili kabisa wa mji. Novemba 2002 hoteli ya Paradise iliposhambuliwa kwa bomu kule Kikambala, yakawa yale yale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vyumba vilikaa vitupu tena. Mei 2014 Uingereza ilitoa tahadhari juu ya Mombasa, na kampuni za Thomson na First Choice zikawarudisha wateja wao kwao kwa ndege kabla likizo zao hazijaisha. Mwaka huo huo serikali ilitoa nafuu ya kodi kwa waajiri watakaowalipia wafanyakazi wao likizo ndani ya nchi. Machi 2020 Korona ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje. Kila mara, Mkenya aliombwa atembee kwao, na kila mara alikwenda. Ndege zikirejea, anarudishwa stoo kama godoro la akiba.

Nimelifikiria hili kwa uzito zaidi tangu likizo ya Agosti, nilipompeleka shangazi yangu Bamburi pamoja na watoto wa dada yangu. Shangazi ni mwalimu mstaafu kutoka Wundanyi, amefundisha sayansi na kilimo maisha yake yote, na miaka mingi amekuwa akituma wanafunzi wake Mombasa kwa ziara huku yeye mwenyewe akibaki nyuma na walioshindwa kulipa nauli. Alipanda treni Voi, akashuka Miritini, akalala kwangu Changamwe. Asubuhi tukavuka daraja la Nyali kabla ya msongamano kukaza, tukashuka Bamburi Mtambo, na siku ikaanza kwa heri.

Ilianza kwa heri kwa sababu tulianzia Haller Park. Nitakaa hapa kidogo, maana watu wengi wa Mombasa wanapajua kama mahali pa kulisha twiga tu, na historia yake inastahili zaidi ya hapo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Jiwe lake ni matumbawe ya kale, mwamba ulioachwa na bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Wakachimba, wakachoma, wakajenga nusu ya nchi, na walichoacha nyuma ni shimo jeupe lisilo na udongo, lenye maji ya chumvi karibu na uso wa ardhi na joto la kuchoma nyayo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapo, alianza kupanda miti ndani ya shimo hilo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu, na kati yake mvinje ndio uliobeba kazi, kwa sababu mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, na chumvi haiutishi.

Lakini majani ya mvinje ni membamba na makavu, yanaanguka na kurundikana bila kuoza. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo msitu unakuwa nguzo zilizosimama juu ya jiwe. Hapo ndipo jongoo alipoingia. Jongoo wakubwa wenye miguu myekundu walionekana wakiyala majani hayo, wakaletwa kwa wingi, na kinyesi chao kikawa mbolea ambayo nyasi na miti mingine ilianza kuota juu yake. Baadaye wakaja ndege, mabwawa ya samaki, choroa, pofu, twiga na viboko. Umma ulifunguliwa mlango mwaka 1984, na mwaka 1999 mahali hapo pakapewa jina la mtu aliyepapanda.

Shangazi aliinama kando ya njia, akachota udongo kiganjani, akaunusa. "Wanangu, huu haukuwapo," akawaambia watoto. "Umetengenezwa na jongoo." Mdogo kati yao, ambaye huko nyumbani akimwona jongoo hupiga mayowe, alichuchumaa kumtafuta mmoja chini ya majani. Kwenye bwawa la viboko mwongozaji aliwapa kisa cha Owen, ndama wa kiboko aliyekutwa peke yake baharini karibu na Malindi baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 26, 2004. Aliletwa hapa siku iliyofuata, akaenda moja kwa moja kujibanza kwa Mzee, kobe wa asili ya Aldabra mwenye umri wa zaidi ya karne, na wawili hao wakawa hawaachani. Picha zao alizopiga Peter Greste zilizunguka dunia, na Paula Kahumbu, aliyekuwa akiisimamia bustani hiyo, alikuwa miongoni mwa walioandika kitabu chao cha watoto mwaka 2006. Watoto waliuliza maswali mpaka mwongozaji akacheka. Hakuna aliyetuharakisha wala kutuuliza tumetoka wapi.

Mwishoni mwa 2024 kampuni ya saruji ya Bamburi ilinunuliwa na Amsons Group ya Tanzania. Natumaini kwa moyo wote kwamba wamiliki wapya wanajua kuwa katika kila walichonunua, msitu huu ndio kitu ambacho mtoto wa Kisauni anaweza kukiita chake.

Kisha tukaenda hotelini.

Sitaitaja hoteli hiyo, kwa sababu ninayoyasema nimeyasikia kwa watu wengi kuhusu hoteli nyingi, na kuitaja moja kungeziosha nyingine. Langoni askari alitazama tuktuk, akamtazama shangazi, akauliza, "Mama, mnakwenda kumwona nani?" Shangazi akamjibu, "Tumekuja kulala, baba." Akaulizwa kama ana uhakika ni hoteli hii. Gari la watalii lililokuwa nyuma yetu lilishusha kioo kama kawaida, likafunguliwa lango. Yule kijana askari simlaumu sana. Hakujitungia swali hilo mwenyewe. Alifundishwa mgeni anafananaje.

Mapokezi tulikuta hesabu mpya. Kwa simu nilikuwa nimeambiwa bei ya chumba, na nikaletewa ujumbe wa kuthibitisha. Pale mezani bei hiyo hiyo ikawa ya mtu mmoja mmoja. Watoto walioahidiwa kulala bure, mkubwa wao akageuka nusu mtu mzima. Malipo ya awali niliyaagizwa niyatume kwa M-Pesa kwenye nambari ya afisa wa mauzo, na si kwenye till ya hoteli, kwa hiyo hayakuonekana kwenye kompyuta mpaka afisa huyo, aliyekuwa mapumziko, alipopokea simu. Chumba kilichotazama bahari kilikuwa kimepewa kundi la semina kutoka Nairobi. Tulipewa cha nyuma, dirisha likitazamana na jenereta, na ufunguo wenyewe ukaja saa kumi badala ya saa nane. Muda huo wote watoto walikuwa wamevaa nguo za kuogelea, na kila wakisogelea bwawa waliulizwa bangili za plastiki ambazo hatukuwa tumepewa bado.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo, na kwa aliye na nafasi ya kuondoka na kulipa kwingine pengine ni madogo. Lakini familia ya Wundanyi au ya Changamwe haiendi hotelini kila mwezi. Inaweka akiba kwa chama, inapanga likizo ya shule, inaombea mvua isinyeshe. Usiku mmoja Bamburi ni pesa ya sare na vitabu iliyosogezwa mbele kidogo. Anayeibadilisha bei mezani anajua kwamba mtu huyo, mbele ya watoto na mama mzima, hawezi kubeba mabegi na kurudi barabarani. Anajua, na anaitumia aibu hiyo. Hili ndilo linalonikera kuliko yote.

Tulipochoka kungoja tukaenda Pirates, yaani Jomo Kenyatta Public Beach, ambako bahari haiulizi bangili. Ilibidi tutoke tena lango la barabarani na kuzunguka, maana mlango wa hoteli wa ufuoni nao ulikuwa na mlinzi wake. Pirates ilikuwa imejaa Mombasa nzima. Wasichana wa Majengo waliingia majini na madera yao, vijana wakakodisha tyubu za magari, ngamia wakapita wakiwa wamevishwa shanga. Mwenye viazi karai na ukwaju alikaa mkabala na mwenye madafu. Upepo wa kusi ulikuwa umeleta mwani mwingi, na maji yalikuwa yakijaa. Nahodha wa mashua ya kioo, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, alimfuata shangazi bila kumwuzia chochote: "Shikamoo mama. Leo bamvua, maji yatapanda upesi. Watoto wasivuke yale maboya." Shangazi akaitikia marahaba, akakaa naye nusu saa akimwuliza habari za mwezi na maji, jambo alilolifundisha ubaoni miaka na miaka bila kuliona. Mbele yetu ilikuwa Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, na mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi ili watoto waweze kuchezea maji huku ndani. Katika hoteli yetu sikuona kibao kimoja chenye saa za kujaa na kupwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Basi ufuo wa Bamburi wote ni wetu, mbele ya hoteli na pasipo hoteli. Kilichokosekana ni njia ya kuufikia. Vichochoro vya kupita katikati ya viwanja vimezibwa kimoja baada ya kingine, hiki kwa ukuta, kile kwa maegesho, kile kingine kwa lango linalofunguliwa mchana na kufungwa jioni. Ndiyo maana sikukuu ya Idi na ya Mwaka Mpya umati mzima unabanana Pirates, na waokoaji wachache wanahangaika na maelfu ya watu kwenye kipande kimoja cha maji. Serikali ya kaunti haihitaji wafadhili wala kongamano kwa hili. Inahitaji kutoa ramani za upimaji za viwanja vya pwani, kuonyesha hadharani kila njia ya umma iliyopo kwenye karatasi, na kwenda kuifungua.

Maghrib maji yakakatika chumbani. Yaliyokuwa yakitoka kabla ya hapo yalikuwa ya chumvi, ya kisima, ambayo sabuni haitoi povu. Sababu yake ni ile ile iliyoleta kiwanda: Bamburi imekaa juu ya matumbawe yenye vinyweleo, na ukichimba kisima karibu na ufuo, bahari inakufuata humo. Maji matamu ya Mombasa yanatoka mbali, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere, Tiwi, na chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, ambazo bomba lake lilikamilika miaka ya 1950. Kwa jumla hayatoshi hata nusu ya mahitaji ya mji. Mzima iko Taita Taveta. Bomba hilo linapita katika kaunti ya shangazi, linateremka zaidi ya kilomita 200 hadi pwani, na watu wa huko wamelalamika vizazi na vizazi kwamba wanaliona likipita huku mifereji yao ikiwa mikavu. Shangazi alisimama bafuni, akafungua mfereji, akausikiliza ukikoroma. "Kumbe huku nako hayafiki," akasema. "Basi yanakwenda wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na sidhani kama kuna afisa yeyote wa maji Mombasa ambaye angemjibu akaridhika.

Aliyetuokoa ni kijana wa usafi, mwenyeji wa Utange, aliyepanda ngazi na ndoo mbili za maji matamu aliyoyatoa kwenye maboza ya jikoni. Hakutumwa na mtu. Alikuwa ameona mama mzee akipanda ngazi na akafikiri atahitaji maji. Kwake tulisikia jinsi wengi wao wanavyofanya kazi: vibarua wa msimu, wanaolipwa kwa siku walizoitwa, na vyumba vikipungua wanaambiwa wangoje simu. Wanaotukanwa na wageni kwa maji yasiyokuwapo ni hao hao wasiokuwa na sauti katika ununuzi wa tangi. Nimekutana na ukarimu wa kweli Bamburi mara nyingi, na karibu kila mara umetoka kwa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote jengoni.

Asubuhi niliomba kuonana na meneja, na nitamtendea haki, maana alinisikiliza bila kuangalia saa. Alinieleza bei ya boza la maji, bili ya stima na dizeli ya jenereta, leseni za kaunti, ada ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na ile asilimia mbili ya mapato inayokwenda Mfuko wa Utalii. Akasema pia kwamba mgeni wa ndani anabishana bei, anaingia na chakula chake, na watoto wake wanavunja vitu. Mizigo ya hoteli naikubali yote. Serikali inayotaka utalii wa ndani haiwezi kuukamua kila idara kwa zamu yake na mji ukose maji. Lakini hakuna hata mzigo mmoja kati ya hiyo unaomzuia karani wa simu kusema ukweli. Kusema "maji yetu ni ya kisima, jioni hukatika" hakugharimu lita moja ya dizeli. Na watu hubishana bei pale ambapo bei inabadilika. Haller Park sikumwona mtu akibishana dirishani.

Kifungu cha 46 cha Katiba hiyo hiyo kinampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nayo, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ilipitishwa mwaka 2012. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii inazipanga hoteli kwa nyota kufuata vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ningependa kuona vigezo hivyo vikikaguliwa Desemba, msimu ukiwa umepamba moto, na mkaguzi akifika kwa tuktuk na watoto watatu.

Wenye hoteli wasifikiri kwamba mgeni huyu hana pa kwenda. Tazama Kiembeni na Bamburi yenyewe, jinsi nyumba za kupangisha kwa siku zilivyoongezeka. Familia kutoka Nairobi inateremka kwa treni, inachukua nyumba ya vyumba viwili kupitia Airbnb au kwa jirani wa jirani, inanunua samaki na nazi Kongowea, inapika, na jioni inashuka Pirates kuoga. Wengi wao wangelipa zaidi wapikiwe na watandikiwe, kama wangeamini kwamba kilichosemwa kwenye simu ndicho watakachokikuta.

Desemba inakuja, tiketi za treni zitaisha mapema na vyumba vitajaa. Ukipiga simu Bamburi, uliza bei ni ya chumba au ya mtu, na watoto wanahesabiwaje kwa umri. Uliza chumba kiko upande gani, maji ni ya mfereji, ya boza au ya kisima, na tangi linashika muda gani yakikatika. Uliza jenereta iko wapi. Uliza kama mlango wa ufuoni uko wazi kwa mgeni yeyote tangu anapofika, hata kama ufunguo haujapatikana. Lipa kwenye till yenye jina la hoteli, usilipe kwenye simu ya mtu. Na omba majibu hayo yote kwa maandishi kabla hujatuma shilingi. Shangazi tayari amenakili maswali haya kwenye daftari lake, kwa ajili ya safari ya walimu wastaafu wa Wundanyi ya mwaka ujao.